Gari limechemsha: pima gharama kabla hujatoa hela

Ukipeleka gari gereji, Ngamiani au popote hapa Tanga, ukasema limechemsha, yuko fundi atakayekutajia bei hata boneti haijafunguliwa. Bei hiyo usiishike. Kuchemsha kunaweza kuishia kwenye mpira wa rejeta uliopasuka, na kunaweza kula injini nzima, na kwa nje dalili ni zilezile.

Hatua ya 1: Liache lipoe
Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kinabana presha ili maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua yanakurukia usoni. Wala usiimwagie injini maji baridi.

Hatua ya 2: Kumbuka kilichotokea
Gharama imejificha hapa. Mshale ulikaa kwenye nyekundu muda gani? Maji yalikuwemo? Injini uliizima wewe au ilizima yenyewe?

Aliyezima mapema, maji yakiwemo, mara nyingi anaponea kwenye feni, themostati (kijimlango kinachoruhusu maji kwenda rejeta injini ikipata joto), pampu ya maji au rejeta. Aliyejikokota toka Pongwe mpaka mjini bila maji, eti afike tu nyumbani, ajiandae kufungua hedi, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda. Hedi za gari ndogo nyingi ni aluminiamu, ambayo kwa joto lilelile hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, mwili wa injini wenye silinda. Inapinda, na gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inaungua. Na kama injini ilizima yenyewe kisha ikawa nzito kuzunguka, hofia pistoni kukwaruza silinda.

Geji nayo inadanganya. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo "mshale ulirudi wenyewe" si habari njema.

Hatua ya 3: Vipimo bila kufungua
Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye rejeta tafuta mafuta yanayoelea, na mapovu yasiyokatika injini ikiwashwa toka baridi. Plagi moja ikiwa imeng'aa na nyingine zina masizi, silinda ile inakunywa maji.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi huenda imekatika katikati yao. Ipo pia dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini umepenya kwenye maji. Fundi asiye na hata geji ya kompresheni, kwa maoni yangu, hana msingi wa kukutajia bei.

Hatua ya 4: Bei ije kwa mafungu
Patana kwanza bei ya kufungua peke yake. Hedi ikishuka, iende kwa fundi tena (mkereza vyuma) ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa injini nyingi za Toyota mpindo unaoruhusiwa ni kama milimita 0.05. Ipimwe na nyufa kwa presha, kabla ya kusagwa. Kusaga hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili. Boliti za hedi nyingi hukazwa mpaka zivutike, hivyo weka mpya kwenye bajeti.

Hatua ya 5: Linganisha na injini ya mtumba
Hizi ni namba za kuonyesha hesabu, si bei ya soko. Kufungua na kufunga 150,000, kazi ya fundi tena 100,000, gasketi na boliti 200,000, rejeta 250,000: jumla 700,000. Upande wa pili, injini 1,400,000, kuifunga 200,000, na rejeta ileile 250,000: jumla 1,850,000. Wengi huisahau rejeta upande wa pili, wakafunga injini nyingine kwenye ugonjwa uleule. Ila silinda zikikutwa zimekwaruzika, pistoni, ringi na kazi ya bloku hula tofauti yote, na injini ya mtumba inaanza kuwa na maana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Nina IST, hedi imesagwa, mwezi haujaisha inachemsha tena. Nidai hela yangu?
Marahaba mwanangu. Kwanza ulizia kama rejeta ilizibuliwa na feni ilijaribiwa. Hedi iliyopinda ni matokeo. Kilichoipinda huenda bado kimo. Fundi tena akupe pia kipimo cha hedi kabla na baada ya kusaga, maana kiasi cha kusaga kina mwisho.

Kaka, fundi wangu kanishauri nitoe themostati moja kwa moja kwa sababu ya joto la pwani. Ni sawa?
Hapana, ndugu yangu. Injini itachelewa kupata joto na itakula mafuta zaidi, na rejeta iliyoziba itabaki imeziba. Themostati ni spea ndogo, weka mpya.

Nikinunua injini Gerezani, Dar, niangalie nini?
Taka kompresheni ipimwe mbele yako, upewe risiti na muda wa kurudisha. Hakikisha ina kodi ileile ya injini (herufi na namba za aina yake), usije ukahangaika na nyaya na gia boksi. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo peleka mabadiliko TRA, Mamlaka ya Mapato.

Sisi wa Sahare tunajazia maji ya kisima. Yana neno?
Yana neno, dada. Maji ya chumvi hujenga ukoko kwenye vijia vya rejeta na kula aluminiamu. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyochanganywa ilivyoandikwa kwenye dumu. Ukiharibikiwa njiani, jazia maji yoyote uliyonayo ufike, kisha mwaga yote, suuza, ujaze upya wiki hiyohiyo.