SOMO: Mbwa akizubaa, fungua mdomo uangalie fizi kwanza

Wadau habari za jioni. Hili somo nimelibeba moyoni muda mrefu, leo nimepata nafasi nalitoa lote. Mwaka 2019 wakati wa masika, hapa Kinyerezi, nilikuwa na mbwa wangu Simba, dume, mlinzi hasa, siku ya kwanza akagoma ugali, siku ya pili akalala tu kivulini, mimi nikaona ni homa ya kawaida nikamponda kidonge cha maumivu cha binadamu nikamchanganyia kwenye mchuzi wa dagaa. Siku ya nne akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Nilivyomfikisha kwa daktari wa mifugo akamfungua mdomo tu akasema huyu hana damu. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Usiku ule ule akafa. Kumbe jibu lilikuwa mdomoni kwake siku zote nne na mimi sikuwahi kutazama.

Ndo maana somo langu lote linaanzia hapo.

Hatua ya 1: Mjue akiwa mzima

Usisubiri augue. Leo hii akiwa mzima mnyanyue mdomo wa juu uangalie fizi, zinatakiwa ziwe za pinki na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi kwa asili (wako wengi) basi vuta kope ya chini uangalie nyama ya ndani, hiyo nayo ni pinki.

Halafu finya ngozi ya mgongoni pale kati ya mabega, inyanyue, iachie. Ikirudi haraka yuko sawa, ikibaki imesimama kama hema ujue maji yamemwishia. Kipimajoto cha dijitali cha famasi kinatosha kabisa, weka mafuta kidogo nchani kiingie taratibu kwenye njia ya haja kubwa, mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo 38.5 ambayo kwa mtu ni homa kwake ni kawaida. Habari ya pua kavu pua mbichi achaneni nayo, mbwa mzima kabisa anaweza kuamka na pua kavu.

Rudia kila wiki. Dakika mbili tu.

Hatua ya 2: Kupe (hapa tulieni)

Kwa Dar hii adui namba moja ni kupe wa kahawia. Watu wengi wanamtoa kupe mwilini wanadhani kazi imeisha, wakati huyu kupe akishashiba damu anadondoka anaenda kujificha, kwenye nyufa za banda, nyuma ya mbao, pembeni ya ukuta, huko ndo anajibadilisha na jike anataga mayai maelfu. Ndo maana unaogesha mbwa leo wiki ijayo kajaa tena halafu unalaumu dawa. Banda usipolitibu pamoja na mbwa, unachota maji kwa kikapu.

Kumtoa: tumia kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome na kiberiti, usimwagie mafuta ya taa. Kagua ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole vya miguu, hapo ndo wanapojazana.

Dawa za kuogeshea tunazonunua duka la mifugo nyingi ni za ng'ombe. Zipo zinazofaa mbwa na zipo zinazoua mbwa, na hata ile inayofaa ukikoroga kwa kukadiria macho unamtia sumu mwenyewe. Mwambie muuzaji wazi kwamba ni ya mbwa, mwambie kilo zake na umri, pima maji kwa chupa ya lita, vaa glavu, usimwagie machoni na usimwache ajilambe kabla hajakauka. Mtoto wa chini ya miezi 3 usimwogeshe hizo dawa bila daktari kusema.

Sasa kupe anapomletea homa, dalili ni kama za Simba wangu: kugoma kula, joto juu, kuchoka, fizi kupauka, mkojo wa kahawa, wengine wanatokwa damu puani bila kupigwa na mtu. Hii haitibiki nyumbani kwa namna yoyote. Inataka kipimo cha damu maana vijidudu anavyoambukiza kupe viko vya aina zaidi ya moja na dawa zao hazifanani, kuna ya sindano na kuna ya vidonge ambayo mara nyingi inafika wiki 4, na mtu akiona mbwa kachangamka siku ya tano anaacha kumpa, mwezi ujao unarudi palepale.

Hatua ya 3: Kuhara na kutapika

Hapa kwanza jiulize, ni mkubwa au mtoto? Mkubwa aliyechanjwa, kaharisha mara mbili tatu, bado anatikisa mkia na fizi ziko pinki, huyo unaweza kukaa naye nyumbani. Mnyime mlo mmoja tu, maji usimnyime, mpe kidogo kidogo kila baada ya muda. ORS za binadamu zinafaa, ukikosa chemsha maji lita 1, yakipoa weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya kujaza mlima. Baadae wali laini na kuku wa kuchemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila mifupa. Siku mbili akiwa hajatulia mpeleke.

Mtoto ambaye hajamaliza chanjo, anatapika, anahara damu yenye harufu kali ile ambayo ukishainusa mara moja huisahau, hiyo chukulia ni pavo (ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa) mpaka daktari aseme vinginevyo, na hapo usihesabu siku hesabu masaa. Anahitaji dripu. Maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi, mkaa wa kusaga, vyote hivyo nimeona watu wanawapa na vyote vinawachelewesha tu. Na akifa (Mungu apishe mbali) usilete mtoto mwingine ambaye hajachanjwa pale pale, kirusi cha pavo kinakaa kwenye mazingira mwaka na zaidi. Osha kwa sabuni kwanza, kisha jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache dakika 10. Udongo haukubali jiki vizuri kwa hiyo kama uwanja ni mchanga mtupu subira ni muhimu.

Chanjo inaanza wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Sindano moja haitoshi, hapo ndo wengi mnapotapeliana na nafsi zenu.

Hatua ya 4: Vidonda na ngozi

Kidonda kidogo: nyoa manyoya pembeni, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mara mbili kwa siku, zuia nzi. Funza wakishaingia watoe mmoja mmoja kwa kibano halafu nenda kwa daktari maana huwa wanachimba ndani kuliko unavyoona. Naomba sana, petroli hapana, maji ya betri hapana. Na wale wa kupaka oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu, mbwa anajilamba, ile oili inaishia tumboni na kwenye maini. Ukurutu una dawa zake na unapona, lakini daktari akwangue ngozi aangalie ni mdudu gani. Aina mojawapo inawawasha hadi watoto wa nyumbani.

Hatua ya 5: Usimpe kabisa

Dawa za maumivu za binadamu, zote: parasetamo, diklofenaki, ibuprofeni. Vitunguu, chokoleti, zabibu, mifupa iliyopikwa.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Shikamoo mzee. Mtoto wa mbwa wangu ana majipu tumboni, yana tundu katikati na ukiangalia vizuri kuna kitu kinacheza ndani. Nimeogopa hata kumshika.

Marahaba mwanangu, usiogope. Huyo ni funza wa nzi anayetaga kwenye mchanga wenye kivuli hasa uliokojolewa, hata nguo zenye unyevu, mtoto akilalia wanaingia kwenye ngozi. Ziba tundu na vaselini nene, subiri kama nusu saa, atatoa kichwa kutafuta hewa, bana taratibu kwa pande mbili atoke mzima. Asikatike ndani. Osha kwa maji ya chumvi. Kisha hamisha alalapo, weka kibao au saruji badala ya mchanga.

Dada wa Temeke: Mimi Muislamu, mbwa tunamfuga kwa ulinzi tu na mate yake najihadhari nayo. Hizo fizi nitaziangaliaje?

Vaa glavu dada, zinauzwa famasi. Au acha mdomo kabisa, tumia kope ya chini ya jicho kama nilivyoeleza, kwa upande wa rangi taarifa unayopata ni ile ile na mate huyagusi.

Kijana wa Goba: Wezi walirusha nyama usiku, asubuhi mbwa anatetemeka na kutoa povu. Tulimnywesha maziwa na maji ya chumvi ila akafa. Tulikosea wapi?

Pole sana kaka. Mbwa mwenye degedege au aliyelegea usimnyweshe kitu chochote, kinaingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi yenyewe mengi ni sumu kwake. Kinachotakiwa ni kumkimbiza kwa daktari na mabaki ya nyama au matapishi kwenye mfuko, tena kwa glavu, maana sumu zile zinapita hata kwenye ngozi yako. Kwa hiyo namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu kabla ya usiku huo, pamoja na ya dereva wa bajaji anayekubali kubeba mbwa, maana wengi wanakataa.

Mama wa Tabata: Jike langu anatoka matone ya damu nyuma na sio msimu wake, kuna nyama kama koliflawa. Watu wananiambia ni kansa nimwache afe.

Usimwache mama yangu. Kuna uvimbe unaambukizwa mbwa wakipandana, kweli ni aina ya kansa, lakini ni ile inayosikia dawa sana. Sindano inaitwa vinkristini, mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Ni dawa kali, achomwe na daktari tu. Baada ya hapo mfunge kizazi, asizurure.

Baba wa Ukonga: Mbwa wa jirani kamng'ata mwanangu mguuni leo jioni, kidonda kidogo tu. Jirani anasema mbwa wake kachanjwa.

Baba, acha kusoma, nenda bombani sasa hivi. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usifunge, usipake vitunguu swaumu wala pilipili. Kisha hospitali usiku huu huu kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, udogo wa kidonda usikudanganye na maneno ya jirani yasikucheleweshe, kadi ya chanjo ya mbwa mtaidaiana baadae. Dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni kama hakuna. Mbwa msimuue, afungwe aangaliwe siku 10, na afisa mifugo wa kata aambiwe.

Ukitoka hospitali niandikie mtoto anaendeleaje.

Baba wa Ukonga: Tumerudi. Kachomwa ya kwanza, tumepewa kadi na tarehe za kurudi. Kalala.

Alhamdulillah. Tarehe hizo usiruke hata moja.