Kupima maswali kabla ya kuwahukumu watahiniwa

Matokeo ya mitihani ya wauguzi yanapobandikwa hapa Bukavu, kila mtu hutafuta majina ya waliofaulu na walioshindwa, lakini ni wachache wanaouliza kama maswali yenyewe yalistahili kuamua hatima ya mtu. Walimu tunaotunga mitihani hiyo tunao wajibu wa kuyachunguza maswali kwanza, na kazi hiyo inahitaji tu karatasi za majibu, kalamu na mashine ya kuhesabu.

Baada ya kusahihisha, panga karatasi kuanzia alama ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, kisha tenga asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini, kipimo ambacho Truman Kelley, mtaalamu Mmarekani wa takwimu na saikolojia, alikitetea mwaka 1939. Watahiniwa wakiwa 60, kila kundi litakuwa na watu 16. Darasa likiwa dogo, ligawe nusu kwa nusu, na hesabu utakazopata uzichukue kama dalili tu, kwa sababu jibu la mtu mmoja linaweza kuzigeuza.

Tuchukue swali la dozi: mtoto wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, na kila mililita 5 za dawa ya maji zina miligramu 120, apewe mililita ngapi? Jibu ni 7,5. Ikiwa katika kundi la juu wamepata 13 na katika kundi la chini 5, jumla ni 18 kati ya 32, yaani 0,56: swali si rahisi mno wala gumu mno. Sasa toa 5 kwenye 13, kisha gawanya kwa 16. Unapata 0,50, maana yake swali linawatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua. Hesabu hiyo ikishuka chini ya 0,20, swali linahitaji kutazamwa upya.

Linalopaswa kutushtua zaidi ni swali ambalo wanafunzi hodari wanalikosa huku wadhaifu wakilipata. Tuseme swali linauliza hatua ya kwanza kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mwongozo wa usahihishaji unataka kusugua mfuko wa uzazi, ilhali wengi wa kundi la juu wamechagua kuita msaada. Hao hawakukosa maarifa. Swali halikusema kama muuguzi yuko peke yake au ana wenzake chumbani. Wakati mwingine kosa liko kwenye mwongozo wenyewe, na wakati mwingine ni Kifaransa kilichopindapinda kinachompima mtahiniwa lugha badala ya uuguzi. Kwa vyovyote vile, swali kama hilo liondolewe kwenye hesabu ya alama za wote, au majibu yote mawili yakubaliwe, kabla matokeo hayajatangazwa.

Katika maswali ya kuchagua jibu, tazama pia majibu yasiyo sahihi. Lile ambalo hakuna aliyelichagua halifanyi kazi yoyote. Badala yake weka kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli, kama 36 katika swali la dozi, kwa yule aliyegawanya 180 kwa 5 akasahau miligramu 120.

Hapo ndipo alama za watahiniwa zinaweza kusomwa kwa haki. Asilimia 50 tuliyoizoea kama alama ya kufaulu haijui kama mtihani ulikuwa mwepesi au mgumu. Njia inayohusishwa na William Angoff, mtaalamu Mmarekani wa upimaji, iliyochapishwa mwaka 1971, inawataka wauguzi wazoefu wamfikirie mtahiniwa anayefikia kiwango kwa shida, wakadirie kwa kila swali uwezekano wa yeye kulipata, kisha wajumlishe makadirio hayo na kutafuta wastani wa wakadiriaji wote, ambao ndio unakuwa mpaka wa kufaulu. Kwa walio karibu sana na mpaka huo, juu au chini, karatasi isomwe na msahihishaji wa pili asiyeona alama ya kwanza, na katika mtihani wa vitendo wawepo watahini wawili, kila mmoja akijaza fomu yake bila kushauriana na mwenzake hadi mtahiniwa atoke chumbani.