Kupima mboni kwa tochi unaposhuku uvimbe wa neva ya jicho

Nimeandika haya baada ya kumwelekeza muuguzi mwenzangu wa kituo kimoja cha afya huku Pemba. Alikuwa na mgonjwa, mama kijana, jicho la kulia limemfifia ndani ya siku chache. Jicho jeupe, halina tongo wala wekundu, ila kila akilizungusha linauma kwa ndani. Alishapewa matone ya antibiotiki mahali pengine. Jicho la namna hiyo huenda neva yake, ule mshipa wa fahamu unaopeleka uoni kwenye ubongo, imevimba; halitaki matone, linataka mtu atakayepima mboni zake ipasavyo, na kazi hiyo inafanyika kituoni kwa tochi tu.

Hatua ya 1: Uoni

Kila jicho peke yake, kwa chati, na miwani yake kama anayo. Andika. Usitie tone la kutanua mboni mpaka umalize hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chumba na tochi

Funga dirisha, shusha pazia, zima taa. Kiza cha magharibi kinatosha.

Mimi hutumia tochi ndogo ya kalamu yenye betri mpya. Taa ya simu siikubali kwa kazi hii: mwanga wake unatapakaa na kufika macho yote mawili kwa wakati mmoja, na hapo hupimi kitu. Tochi yenye betri iliyochoka nayo itakuonesha mboni mvivu ambazo kumbe ni nzima.

Hatua ya 3: Mwangaza wa moja kwa moja

Mulika jicho la kulia, kisha la kushoto. Kwa mtu mzima wa afya, ukimulika jicho moja mboni zote mbili husinyaa. Neva ya jicho hupeleka habari ya mwanga kwenye ubongo wa kati, na amri hurudi pande zote mbili kupitia neva ya tatu ya kichwa, inayosinyaza mboni. Kwa sababu hiyo neva ya upande mmoja ikiharibika, mboni hubaki na ukubwa sawa. Ukiandika tu "mboni sawa, zinasinyaa", ugonjwa umekupita.

Hatua ya 4: Kuhamisha tochi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwambie mgonjwa atazame mbali: "Bibi, tazama pale ukutani, usiitazame tochi." Akitazama karibu, mboni husinyaa zenyewe bila ya mwanga na utadanganyika. Ndiyo maana usisimame mbele yake. Simama upande kidogo na mulika kutokea chini, pembe ileile kwa macho yote mawili.

Mulika jicho lisiloumwa kwa sekunde 2 hadi 3, hamia haraka jicho la pili juu ya daraja la pua, kaa sekunde hizohizo, kisha rudi. Fanya hivyo mara kadhaa bila ya kubadilisha mwendo. Ukikawia zaidi kwenye jicho moja, unalichosha kwa mwanga na unaweza kujitengenezea dalili isiyokuwepo. Ukikawia njiani, mboni zote zinatanuka kabla hujafika.

Unachotafuta ni kile kinachotokea mara tu mwanga unapofika. Jicho lisiloumwa likimulikwa, mboni husinyaa au hubaki ilipo. Jicho lenye neva iliyovimba, mboni yake hutanuka ilhali mwanga umeilekea. Ubongo unapokea mwanga mdogo kuliko ule wa jicho la kwanza, kwa hiyo unalegeza mboni zote mbili. Dalili hii madaktari huiita kwa jina la Marcus Gunn.

Sasa matatizo yake. La kwanza, macho yetu wengi ni meusi, na mboni nyeusi ndani ya duara jeusi haionekani kizani. Mwombe mtu ashike tochi ya pili, hafifu, chini ya kidevu cha mgonjwa na pembeni. La pili, mboni hucheza kidogo zenyewe, hutanuka na kusinyaa. Usihukumu kwa mara moja. Tafuta kinachojirudia kila unapohamia jicho lilelile.

La tatu, mboni moja inaweza kuwa haifanyi kazi: imeumia, imegandana kwa ugonjwa wa zamani, au imetiwa dawa. Usikate tamaa. Hamisha tochi vilevile, lakini itazame mboni moja tu, ile inayotembea. Ikitanuka unapomulika jicho la pili, tatizo liko jicho la pili. Ikitanuka unapomulika jicho lake yenyewe, tatizo liko hapohapo.

La nne, macho yote mawili yakiumwa sawasawa, kipimo hakitaonesha kitu, kwa kuwa kinalinganisha jicho na jicho. Anayetumia etambutoli kwa kifua kikuu, dawa inayoweza kudhuru neva za macho, na kufifia macho yote, usimrudishe nyumbani kwa sababu tochi "iko sawa".

Na mtoto wa jicho, hata aliyekomaa, haleti dalili hii. Ukiiona kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, kuna jambo jingine nyuma: retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyobanduka, presha ya jicho iliyoharibu upande mmoja, au neva.

Hatua ya 5: Rangi nyekundu

Chukua kifuniko chekundu cha chupa ya matone. Muoneshe kwa jicho moja, kisha jingine: "Wekundu ni uleule?" Neva iliyovimba huuona umepauka.

Hatua ya 6: Ndani ya jicho

Sasa tia tone la kutanua mboni, utazame kichwa cha neva. Kikionekana kizuri usifute shaka yako. Kwa wagonjwa wawili kati ya watatu uvimbe uko nyuma ya jicho, hauonekani.

Hatua ya 7: Rufaa, na vidonge usivyotoa

Usimwanzishie vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, peke yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1992, wenye wagonjwa 457, ulionesha kuwa waliopewa vidonge vya prednisoni, ndugu wa prednisoloni, kwa kipimo cha kawaida walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wasiopewa dawa. Methiliprednisoloni ya mshipani, gramu 1 kwa siku kwa siku 3, iliharakisha uoni kurudi, na hiyo inatolewa hospitali, chini ya daktari, baada ya kuangalia maambukizi kama kaswende na kifua kikuu.

Mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo ukiweza, kama ni Unguja basi kwa boti ya kwanza. Kwenye barua andika uoni wa kila jicho, jicho gani mboni ilitanuka, tarehe ilipoanza, na dawa zote alizopewa. Mwambie uoni wa wengi huanza kurudi ndani ya wiki chache, lakini jicho la pili likififia, miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, asingoje tarehe ya kliniki.