Smoka ya umeme: kupika nje usiku kucha na bado ukalala

Mara ya kwanza kuona smoka ya umeme, yani jiko la kupikia nyama polepole kwa moshi, nilicheka. Ipo kama kafriji kadogo, ina mlango, ina waya wa kuchomeka ukutani, nikamuuliza shemeji yangu sasa hii si oveni tu umeitoa nje? Mimi nimekulia Arusha, kule mtu akikuambia anachoma nyama kwa umeme unamwangalia mara mbili. Ila huu mwaka wa nne natumia ya kwangu hapa Texas, na nikiwa na wageni kumi na tano Jumamosi hiyo ndio naitegemea, kwa hiyo ngoja niwaelekeze maana wengi wananunua wanaitumia kama jiko la mkaa, wiki ya pili iko gereji imefunikwa na mabegi.

Tuelewane kwanza inafanyaje kazi. Chini kuna elementi, ule waya wa joto kama wa kwenye hita, nyingi ni wati 800 mpaka 1500 hivi. Juu yake kuna kisahani cha kuwekea vibanzi vya mti (sio vile vya kula na kuku), halafu bakuli la maji, halafu trei tatu nne za nyama. Kuna thamostati inayowasha na kuzima elementi kama kwenye pasi. Vibanzi haviwaki moto, vinafuka tu taratibu. Kwa hiyo joto linatoka kwenye umeme na moshi unatoka kwenye mti, kazi mbili tofauti, na hapo ndipo faida zote zinapotokea, maana kwenye mkaa na kuni moto mmoja unafanya kazi zote mbili, ukitaka moshi zaidi joto linapanda, ukipunguza joto moshi unakuwa mchungu, unashinda unapigana nao siku nzima.

Faida kubwa kuliko zote ni usingizi, sitanii. Hapa Texas mfalme ni brisketi, yani kidari cha ng'ombe kizima, kilo 6 hivi, kinapikwa kwa nyuzi 225 za Fahrenheit (107 za Selsiasi; humu nyuzi nisizozitaja jina ni za Fahrenheit) masaa 12 mpaka 16. Wenye smoka za kuni wanakesha kabisa, kila baada ya dakika 45 au lisaa mtu anaongeza gogo, anacheza na mlango wa hewa, anaweka kiti chake pale na bia zake. Ni raha kama hiyo ndio starehe yako. Mimi nikitoka shifti naweka nyama saa tatu usiku, naangalia inaanza kutoa moshi, naongeza vibanzi masaa machache ya kwanza, halafu naingia ndani kulala.

Gharama nayo piga hesabu mwenyewe. Smoka ya wati 800 hata kama elementi ingewaka masaa 14 bila kuzima (na haiwi hivyo, inawaka na kuzima) ni uniti 11 na kidogo, ukiwa unalipa senti 15 kwa uniti haifiki dola mbili. Mkaa wa masaa 14 hapa Texas hauupati kwa bei hiyo. Afu kuna Julai. Nje nyuzi 100, ukiwasha oveni ndani masaa yote hayo AC inalia na wewe unalia, smoka inabaki na joto lake huko huko nje.

Sasa isichofanya, ili usije ukanilaumu. Nyingi mwisho wake ni nyuzi 275, yani 135 za Selsiasi. Hilo sio joto la kuchoma, ni la kupika polepole. Mishkaki, steki, mbavu za mbuzi za kula zikichuruzika mafuta, hizo peleka kwenye mkaa kama zamani, huku zitatoka za kijivu kama zimechemshwa. Smoka inataka vipande vikubwa vigumu vyenye mafuta na nyama za mishipa, kidari, bega, mbavu za ng'ombe, mguu wa mbuzi aliyekomaa, zile ambazo nyumbani mama angezichemsha kwanza na tangawizi ndio azikaange. Na ule mduara mwekundu chini ya ngozi ya nyama ambao watu wa Texas wanajivunia hutaupata vizuri, maana unatokana na gesi za moto unaowaka kweli na vibanzi vinavyofuka havizitoi za kutosha. Ladha ya moshi ipo, rangi ndio haipo. Mimi mgeni akinilalamikia rangi namuongezea kachumbari.

Ukienda kununua usidanganyike na kioo cha mlangoni, baada ya mara mbili kimejaa masizi huoni kitu. Angalia sehemu ya kuongezea vibanzi, iwe ya pembeni inayovutwa kwa nje, maana zile ambazo lazima ufungue mlango joto lote linatoka kila ukiongeza. Afu nunua kipimajoto chako cha kuchoma kwenye nyama, cha dijitali, ikiwezekana kile kinachotuma alamu kwenye simu. Kile kinachokuja na smoka usikiamini kabla ya kukijaribu. Kujaribu ni rahisi, chemsha maji yatokote, chovya, isome 212 (100 za Selsiasi) au karibu na hapo. Changu kilisoma 197. Yani miezi miwili nilikuwa nikiona 165 kwenye kuku, mwenyewe yuko 180, nikawa nashangaa kwa nini kuku wangu mkavu kama mbao za dari.

Ikifika nyumbani usipike siku hiyo hiyo. Ndani ina mafuta ya kiwandani na harufu ya plastiki. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, paka trei mafuta ya kula kidogo, iwashe tupu nyuzi 275 masaa matatu, na ile robo tatu saa ya mwisho weka vibanzi ngumi moja. Ikipoa utaona ndani imeanza kuwa kahawia, hapo iko tayari.

Mahali pa kuiweka: nje. Nje kabisa, sio gereji mlango wazi, sio baraza lililozungushiwa kioo. Watu wanasikia umeme wanadhani haina gesi, lakini vile vibanzi vinavyofuka vinatoa gesi ya kaboni monoksidi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa. Mnaokaa apatimenti someni mkataba wenu kwanza, sehemu nyingi mkaa umepigwa marufuku kwenye balkoni ila umeme wanaruhusu, wengine hawaruhusu chochote.

Na waya. Chomeka moja kwa moja ukutani ikiwezekana. Kama lazima ekstensheni, iwe fupi, nene, ya nje, geji 14 au 12 (namba ikiwa ndogo waya mnene zaidi, wameamua hivyo sijui kwa nini). Mimi nilianza na ile ya kahawia nyembamba ya taa za Krismasi, baada ya masaa mawili nikaishika ilikuwa ya moto kama chupa ya chai. Usiku mwingine mvua ilinyesha, maji yakaingia kwenye kiungio cha waya, ile soketi ya nje yenye vitufe viwili katikati ikajikata kama inavyotakiwa, mimi nimelala fofofo. Saa kumi na moja alfajiri naenda kuangalia, smoka ya baridi, nyama ndani vuguvugu kama mtoto mwenye homa. Kidari cha dola sabini nikakitupa. Mke wangu alisema tukipike tu upya tena, nikamwambia hapana, nyama ikikaa kati ya nyuzi 40 na 140 zaidi ya masaa manne vijidudu vinazaliana na vingine vinaacha sumu isiyokufa hata ukiichemsha. Tangu siku hiyo kiungio nakiinua kutoka chini nakifunika, na alamu ya simu naiweka ipige joto likishuka pia, sio likipanda tu.

Haya tupike. Tuanze na bega la mbuzi maana hilo halihitaji kukesha wala kipaji. Nunua bega zima lenye mfupa, kilo 2 hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo lipake chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, tangawizi na binzari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, acha kwenye friji bila kufunika ili juu pakauke. Ndimu usiweke saa hizi, weka mezani.

Asubuhi washa smoka nyuzi 225 na uisubiri ifike, nusu saa au zaidi. Bakuli la maji jaza maji ya moto, ya baridi yanaichelewesha bure, na hizo habari za kuweka juisi ya tufaha humo mimi naziona ni kutupa juisi, ladha haifiki kwenye nyama. Vibanzi weka ngumi moja. Usiviloweke. Najua paketi nyingine zinaandika uloweke, lakini mti uliolowa unatoa mvuke tu mpaka ukauke ndio moshi uanze, umejichelewesha mwenyewe. Aina ya mti, kwa mbuzi napenda pekani au cheri, hikori kwa ng'ombe, meskiti ina ukali wa kupitiliza, ichanganye. Usiweke paini au mti wowote wenye utomvu, wala vipande vya mbao za ujenzi vyenye rangi au dawa, hata kama ni vya bure.

Kitundu cha moshi cha juu kiache wazi. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaziba ili moshi "usipotee", moshi unatuama, unageuka utando mweusi kama lami unadondokea nyama, ukila ulimi unakufa ganzi. Unaotaka ni moshi mwembamba wa bluu bluu ambao ukisimama mbali huuoni vizuri. Ukiwa mweupe mzito kama wa gari bovu, vibanzi vimezidi au joto bado halijakaa sawa.

Kila dakika 45 hivi ongeza ngumi nyingine, kwa masaa matatu manne ya kwanza tu, baada ya hapo nyama imeshashika moshi wa kutosha. Na mlango usifungue! Kila ukichungulia unaongeza robo saa au zaidi. Watoto wangu wameshazoea, mgeni akisogelea mlango wanamwambia anko acha.

Kuna kitu kitakutisha. Kipimajoto kitapanda vizuri mpaka kama 150 au 160, halafu kinagoma. Lisaa, masaa mawili, kwenye kidari hata manne, namba haisogei, unaanza kudhani elementi imeungua. Haijaungua. Nyama inatoa jasho na jasho linaipoza, kama wewe ukitoka kuoga ukikutana na feni. Unaweza kusubiri, au ukaifunga kwenye foili na maji kidogo ukairudisha, jasho halina pa kwenda, namba inapanda tena. Foili italainisha ule ukoko wa nje, ndio bei yake. Kwa mbuzi mimi nafunga bila aibu.

Litoe likifika 195 mpaka 203 ndani, au choma na kijiti, kikiingia kama kwenye siagi basi. Masaa sita saba hivi, ila fuata kipimajoto, saa ya ukutani haijui mbuzi wako alikuwa na umri gani. Lifunge kwenye taulo lipumzike angalau nusu saa, halafu litachanika kwa uma. Ndimu, pilipili, ugali wa moto.

Kuku ni 165 ndani na ngozi yake itatoka kama raba, haina dawa humo ndani, mmalizie dakika kumi kwenye oveni ya 425. Samaki nao wanafaa sana, kambare wa hapa mloweke kwenye maji ya chumvi masaa matatu, mkaushe mpaka ngozi inate kwenye kidole, masaa mawili mpaka matatu na ndani ifike 145. Rafiki yangu Mkongo akimpika na majani ya muhogo anasahau yuko Marekani. Ila huyu sio yule samaki mkavu wa sokoni anayening'inia mwezi mzima, bado ana maji ndani, lazima akae friji na aishe ndani ya siku chache.

Ukimaliza mwaga kisahani cha mafuta usiku huo huo. Nilikisahau mara moja, rakuni wakaja wawili, wakaupindua mzigo wote na kuacha nyayo za mafuta mpaka kwenye kioo cha gari.

La mwisho, kwa sababu shemeji ashaniuliza mara tatu kama aitie kwenye kontena aipeleke Dar. Ya huku imetengenezwa kwa volti 120, kule ni 230. Elementi ya wati 800 ukiichomeka kule itavuta karibu wati 3000 kwa dakika chache za uhai wake. Transfoma ya kupunguza inasaidia ikiwa kubwa, wati 1500 usishuke hapo, la sivyo tafuta iliyotengenezwa kwa volti za kule. Na uniti za LUKU uwe nazo za kutosha kabla ya kulala.