Walimu wa hisabati na wahadhiri mezani pamoja: anzeni na madaftari

Kundi la walimu wa shule na wahadhiri wa chuo likianza kwa mada ya mhadhiri, linageuka semina: yeye anasimama, walimu wanaandika, siku inaisha. Wekeni madaftari ya wanafunzi mezani kwanza.

Watu 6 hadi 8 wanatosha: walimu wa madarasa yanayofuatana, mhadhiri mmoja wa idara ya hisabati na mwingine anayefundisha walimu tarajali. Kwa Tanzania, shule yenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) haina haja ya kikao kipya. Mhadhiri aje kwenye kile kilichopo.

Kikao cha kwanza, dakika 90. Kila mwalimu alete madaftari 10, ya wazuri na wanaosuasua, yenye swali moja, mfano 2/3 + 1/4. Pangeni majibu kwa mafungu. Fungu la 3/7 halikosekani: mtoto kajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Msikimbilie kusema hajui KDS (kigawe kidogo cha shirika). Aliyepata maswali 2 kati ya 3 kwenye zoezi moja, na 1 kati ya 4 kwenye jingine, kweli amepata 3 kati ya 7. Hesabu yake ina mahali pake, ila pale kizima kimebadilika, na katika kujumlisha sehemu kizima ni kilekile. Mhadhiri aonyeshe kwamba njia hiyo daima inatoa namba iliyo katikati ya zile mbili, ndiyo maana 3/7 ni ndogo kuliko 2/3 yenyewe. Mwalimu ndiye anayejua kama darasa la watoto 70 litaifuata hoja hiyo kwa maneno, au litahitaji kitu cha kushika.

Kitu hicho kinaweza kuwa ukanda wa karatasi. Wa sentimita 12 unatoa 8 na 3, jumla 11, lakini mkiugawa huo peke yake mmeshawatafunia jibu. Gawieni wa 10, wa 12 na wa 15, watoto wagundue wenyewe upi unakatika vizuri kwa 3 na kwa 4.

Kikao cha pili andikeni andalio la somo pamoja, mkibashiri majibu ya watoto na neno la mwalimu kwa kila jibu.

Kisha mmoja afundishe, wengine watazame wanafunzi, kama Wajapani wafanyavyo katika jugyō kenkyū, yaani walimu kuchunguza somo kwa pamoja. Kila mtazamaji achukue watoto 3 au 4, aandike wanachosema na wanachofuta. Asimsaidie mtu; wahadhiri hushindwa hapa mara nyingi, na wakishasaidia hamtajua somo lenyewe lilifanya nini.

Mjadala uwe siku hiyohiyo. Aliyefundisha aanze, mhadhiri amalizie, maana akitangulia wengine watamwitikia tu. Maandishi ya watazamaji yasiingie kwenye faili la tathmini ya mwalimu. Yakiingia, safari ijayo mtaonyeshwa somo lililokaririshwa.

Rekebisheni andalio, mlifundishe mkondo mwingine ndani ya wiki 2, kisha kusanyeni madaftari 10 tena kwa 3/5 + 1/6 na kuhesabu walioandika 4/11.