Rudieni kuitazama Up, safari hii mfuateni kizibo

Kama mliitazama filamu ya katuni ya Up ya mwaka 2009 mara moja tu, itafuteni tena mkae na watoto. Mara ya kwanza macho yote huenda kwenye nyumba inayopaa kwa maputo. Mara ya pili fuateni kizibo cha soda. Ellie, akiwa bado mtoto, anamvisha Carl, mvulana atakayekuja kuwa mume wake, kifuani kama beji. Carl anazeeka, anavaa suti, na kizibo bado kipo. Mwishoni angalieni kinaishia kwenye kifua cha nani. Hapo mimi machozi hunitoka kila mara.

Tegeni sikio pia. Zile dakika chache za ndoa yao hazina mazungumzo kabisa. Muziki wa Michael Giacchino, uliompa tuzo ya Oscar, unaanza kwa bashasha, kisha unapungua hadi inabaki piano peke yake. Baadaye Carl anapofunua kitabu cha Ellie, kurasa alizodhani ni tupu, tuni ileile inarudi taratibu. Watoto wakiuliza mbona mmenyamaza, simamisheni filamu kidogo muwajibu.