Biskuti za soya, karanga na asali (soya isinuke)

Wifi yangu wa Ipuli, hapa Tabora, alinipigia simu: kaoka biskuti za soya, watoto wamezitema, zinanuka maharage mabichi. Nikachukua bodaboda kutoka Isevya kwenda kumwonyesha. Kosa nililijua kabla sijafika, maana nami nililifanya miezi mingi.

Biskuti tulizozoea ni ngano gramu 250, siagi 125, sukari 125, yai na kijiko cha chai cha beking pauda. Zangu za sasa: ngano 125, unga wa soya 75, karanga zilizosagwa 100, siagi 50, asali 100, yai 1, beking pauda ileile, chumvi kidogo. Zinatoka kama 24. Kila moja ina protini gramu 3 hivi, zaidi ya mara mbili ya zile za zamani. Si mbadala wa maharage na dagaa, ila kwa kitu cha kubeba shuleni inatosha.

Hatua ya 1: karanga
Zichambue kwenye ungo. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, wala usizionee huruma. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. Kaanga, pepeta maganda, twanga mpaka zitoe mafuta. Natumia kinu. Blenda yangu iliungulia kwenye karanga, sijanunua nyingine.

Hatua ya 2: soya (hapa usiharakishe)
Unga wa soya mbichi hauingii kwenye biskuti. Ile harufu inatokea punje ikipasuka na kukutana na maji kabla ya kupata moto. Zaidi ya hapo, soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, yaani unahangaika bure.

Basi chemsha maji kwanza, mengi, yatokote kweli. Ndipo umimine soya kavu, kidogo kidogo ili maji yasipoe. Mimi nilikuwa naziloweka usiku kucha kwenye maji baridi kama maharage, halafu nashangaa. Ziache zitokote dakika 30. Zitafanya povu na kufurika, kwa hiyo sufuria isijae na usiiache peke yake. Mwaga maji, zifikiche kwa mikono ndani ya maji safi, maganda yataelea, yaondoe. Anika mpaka punje ikivunjwa isikike "ka!". Jua kali siku mbili zinatosha. Wakati wa masika usijaribu kabisa, zitaota ukungu. Mwisho kaanga kwa moto mdogo hadi zigeuke rangi ya kahawia hafifu.

Mashineni mwombe msagaji apitishe kwanza mahindi yako kidogo, la sivyo utarudi na mabaki ya watu. Soya ina mafuta, unga wake hukwama. Saga mara moja tu, kisha chekecha nyumbani. Wa dukani sinunui, kwa kuwa sijui aliyeusaga aliuchemsha au hakuuchemsha.

Hatua ya 3: kuchanganya
Siagi na asali kwanza, yai, karanga, halafu unga wote. Maziwa usitie, asali ina maji yake. Chukua ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, tena bei yake ni ya kulamba, si ya kuokea.

Hatua ya 4: kuoka
Asali huunguza haraka kuliko sukari. Mwenye oveni ashushe kutoka 180 hadi 160. Kwa sufuria, makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Oka biskuti moja kwanza uone. Zitoe zikiwa bado laini katikati, kama dakika 12, zitakauka zenyewe.

Siku ya tatu hulegea kwa sababu asali huvuta unyevu. Zirudishe kwenye moto dakika tano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, kwa ajili ya asali, na mwenye mzio wa karanga au soya asionje hata kipande.